Fuwele Ikigoma Kunenepa, Usikimbilie Kuongeza Chumvi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba fuwele yake ya fosfati ya potasiamu (ndiyo chumvi yetu hapa), anayoikuza kutokana na mbolea, inarefuka kama sindano lakini hainenepi. Ameshaongeza ukolevu wa mmumunyo, yaani wingi wa chumvi iliyoyeyuka majini, na anauliza aongeze tena?

Hapana. Weka kijiko chini kwanza.

Nimefurahi kuulizwa, maana nilipoweka picha ya fuwele yangu nene, angavu, kuna waliosema ni kipande cha kioo. Sijasahau. Ile fuwele ilitoka kwenye mbolea ya aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mimi niliisafisha, nikaisafisha tena, wakati wenzangu wanabishana kuhusu joto la chumba.

Uso wa fuwele hukua kwa ngazi nyembamba mno zinazotambaa juu yake, na chembe mpya hujipachika kwenye kingo za ngazi hizo. Ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za chuma, alumini au kromiamu, yaani ule uchafu wa mbolea, zikinata usoni, ngazi inazikuta njiani. Hulazimika kupinda ili ipenye katikati yake. Zikiwa zimekaribiana mno, haipenyi: uso umesimama kabisa, ingawa mmumunyo umejaa chumvi kupita kiasi. Wanasayansi Cabrera na Vermilyea walilieleza jambo hili mwaka 1958. Na kwa chumvi hii, ayoni hizo hupenda kunata kwenye nyuso za ubavuni kuliko zile za nchani. Ndiyo maana ncha inakwenda na ubavu umelala.

Ukiongeza ukolevu vya kutosha, ngazi zitapenya, kweli. Uso uliolala utaamka ghafla. Lakini sasa unakua kwa pupa, unameza uchafu na matone ya mmumunyo, na unapata fuwele yenye ukungu ndani. Wengi hufurahia unene huo. Mimi siuiti unene.

Basi safisha. Yeyusha kwa maji moto yaliyokenekwa, chuja yangali moto, yapoe, chukua fuwele ndogo zilizojitenga na umwage maji yaliyobaki, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu imebaki humo. Kisha rudia. Nasema tena: rudia! Watu husafisha mara moja, wakachoka, wakalaumu mbegu, yaani kifuwele cha kuanzia.

Ila msije mkadhani kila kigeni ni adui. Tia urea kwenye mmumunyo wa chumvi ya kawaida, na badala ya michemraba utapata fuwele za nyuso nane. Urea hupunguza kasi ya nyuso fulani, na uso unaokua polepole ndio unaobaki mkubwa. Ule wa kasi hujimaliza wenyewe. Hata kwenye fosfati, kemikali iitwayo EDTA, kidogo tu, husaidia, kwa kuwa hukamata ayoni za metali kabla hazijanata. Yaani unatia kigeni kimoja kumzuia mwenzake. Lakini anayetia EDTA kwenye mbolea ambayo hajaichuja anatafuta njia ya mkato, na subira ya kazi hii haina mkato.

Ile sindano yako usiitupe. Itumbukize kwenye mmumunyo msafi uliopashwa joto kidogo tu, ngozi yake ya nje iyeyuke, kisha uache upoe taratibu. Ubavu ukianza kusogea, usiongeze kitu.