Muulize Fundi: Nani kakiambia king'amuzi?

Mwezi huu barua zimenijia nne zinazozunguka jambo moja, nikaona nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyeuliza ameuliza vizuri.

Shikamoo fundi. Nasoma umeme na elektroniki VETA, naishi Tanga. Nikitafuta chaneli kwa mkono, king'amuzi kinaniuliza vitu viwili tu: namba ya chaneli na upana wake, ambao ni megahazi 8. Lakini nikishapata picha na kubonyeza kitufe cha taarifa, naona kimeandika 32K, 256QAM, 2/3 na mengine. Kimeyatoa wapi wakati mimi sikukiambia? Halafu jirani yetu alilipa shilingi 15,000 kwa fundi aliyesema anamwingizia "kodi za mnara" (code). Hizo kodi zipo? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba mwanangu. Nianze na jirani: alipigwa. Kodi za mnara hazipo. Fundi yule aliingia menyu hiyohiyo unayoingia wewe, akaandika namba ya chaneli, akabonyeza OK. Kama picha ilikuja, basi alipanda juu ya bati akageuza antena. Hiyo ni kazi halali ya kulipwa, na angeitaja hivyo tu ningemheshimu.

Namba ya chaneli ni masafa yaliyopewa jina fupi. Katikati ya chaneli ya 21 ni megahazi 474, na kila chaneli inayofuata unaongeza 8: ya 22 ni 482, ya 23 ni 490, mpaka ya 48 ambayo ni 690. Kwa hiyo ulichokionyesha king'amuzi ni mlango wa kwenda kusimama, basi. Yaliyobaki mnara unajitaja wenyewe, kama mgeni mwenye adabu: hodi kwanza, kisha jina, ndipo habari.

Sasa tusogee karibu. Mawimbi ya mnara wa dijitali si wimbi moja. Ni maelfu ya mawimbi membamba yamepangwa ubavu kwa ubavu ndani ya zile megahazi 8. Ile 32K uliyoiona inataja ukubwa wa mpango huo: kwenye 32K mawimbi hayo yanapita 27,000. Yote hubadilika kwa pamoja, na kila kipindi kati ya badiliko moja na jingine huitwa simboli. Simboli moja ya 32K hudumu mikrosekunde 3,584 (mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde), na mbele yake huongezwa nafasi ya tahadhari ambayo nitaieleza kwa msomaji wa Wete hapo chini.

Mfumo wa DVB-T2, ambao ndio ving'amuzi vya antena vya siku hizi vinautumia, hutuma mafungu ya simboli, na kila fungu halizidi robo sekunde. Mwanzo wa kila fungu kuna simboli ya pekee iitwayo P1. Hiyo ndiyo hodi. Ni fupi mno, mikrosekunde 224 kwa jumla, na imetengenezwa kwa ujanja unaostahili kutazamwa. Katikati yake kuna kipande kikuu cha mikrosekunde 112. Sehemu ya mwanzo ya kipande hicho, kama mikrosekunde 59 hivi, imenakiliwa na kuwekwa mbele yake. Sehemu yake ya mwisho, kama 53, imenakiliwa na kuwekwa nyuma. Lakini nakala hizo zimesogezwa masafa kidogo, zisije zikafanana na simboli za kawaida.

King'amuzi kinafanyaje? Kinachukua kinachoingia sasa hivi, kinakirudisha masafa kwa kiasi kilekile kinachojulikana, kisha kinakilinganisha na kilichoingia muda mfupi uliopita. Kinafanya hivyo mfululizo bila kujua chochote. Mara nyingi hakioni mfanano. Ikifika P1, mfanano unachomoza ghafla, mbele na nyuma kwa pamoja, na hapo kinajua mambo matatu kwa mpigo: mnara upo, ni wa T2, na fungu linaanzia hapa. Kinapata pia masafa yamepotoka kiasi gani, jambo la lazima, kwa sababu fuwele inayopiga mapigo ya saa ndani ya ving'amuzi vya bei nafuu hakina nidhamu hata kidogo.

P1 imebeba biti 7 tu (biti ni sifuri au moja). Humo mna ukubwa wa mpango (1K, 2K, 4K, 8K, 16K au 32K) na kama mnara unatuma kwa njia moja au kwa antena mbili zinazoshirikiana. Biti 7 ni chache kwa makusudi: zimerudiwarudiwa na kulindwa kiasi kwamba zinasomeka hata kelele ikiwa na nguvu kuliko mawimbi yenyewe. Baada ya hapo inafuata P2, ndimo mnara unapotaja jina na habari zake. Sehemu ya kwanza ya habari hizo ina biti 200 zilizotumwa kwa namna iliyo ngumu kuharibika kuliko zote, na kazi yake ni kueleza sehemu ya pili isomweje. Sehemu ya pili ndiyo inayosema: picha zimefungwa kwa 256QAM (namna ya kuzipakia biti kwenye mawimbi), ulinzi ni 2/3 (maana yake katika kila biti tatu zinazotumwa, mbili ni za picha na moja ni ya kusahihisha makosa), na kadhalika. Wewe ulikuwa bado umeshika rimoti, hayo yamekwisha.

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo utakapokula mkate ukimaliza shule. Hodi na jina vina ulinzi mkubwa. Picha zina ulinzi mdogo. Kwa hiyo king'amuzi kinaweza kujua kila kitu kuhusu mnara na bado kisikuonyeshe kitu. Ukikuta ukurasa wa taarifa umeandika 256QAM na 2/3 vizuri kabisa, huku picha imeganda vipande vipande, usiguse menyu. Mpangilio umeshajulikana, na hakuna namba ya kuongeza. Panda juu. Huko kwenu Tanga chumvi ya baharini inakula kichwa cha waya; fungua kiungio pale kwenye antena, uutazame ule uti wa shaba wa katikati. Ukiwa wa kijani, kata sentimita chache, menya upya, funga, zungushia tepu. Kama ukurasa hauandiki chochote, hapo ndipo uulize masafa, uelekeo wa antena, au mfumo. Na kama ubora ni asilimia 90 lakini skrini inasema chaneli imefungwa, hilo ni la malipo ya kifurushi, wala halinihusu mimi wala wewe.

Fundi, kaka yangu aliniletea flati kutoka Uingereza, ilikuwa ya kwake tangu kama mwaka 2008. Wameniambia ina king'amuzi ndani. Natafuta chaneli mpaka inafika mwisho, inasema sifuri. Antena hiyohiyo kwa jirani inaonyesha. Imeharibika njiani? (Mama, Morogoro)

Mama, haijaharibika. Inasubiri hodi ya aina nyingine. Uingereza walianza televisheni ya dijitali ya antena mwaka 1998 kwa mfumo wa kwanza, DVB-T, na T2 wakaanza kuitumia mwishoni mwa 2009. TV ya 2008 imezaliwa kabla. Inaposikia mawimbi ya T2 kwake ni mchakacho mtupu, wala hakuna programu ya kuiongezea, kwa sababu kinachopungua ni chipu.

Mfumo wa kwanza haukuwa na P1. Ulikuwa, na bado uko huko unakotumika, na biti zake za utambulisho ziitwazo TPS, zikitoka moja kwa kila simboli, 68 kwa fungu. Katika 68 hizo, 37 ndizo zenye habari. Nyingine ni za kuanzia, za kujipanga na za kusahihisha makosa. Biti hiyo moja hurudiwa kwenye mawimbi membamba 17 au 68 kwa wakati mmoja, kulingana na ukubwa wa mpango, ili isipotee. Kuna kichekesho kimoja humo: TPS inataja ukubwa wa mpango na nafasi ya tahadhari, lakini TV haiwezi kuisoma TPS bila kuyajua hayo mawili kwanza! Kwa hiyo inayakisia yenyewe kwa kutazama mawimbi yanajirudia baada ya muda gani, kisha TPS inakuja kuthibitisha tu. T2 walipoitengeneza walianza na P1, na king'amuzi kikaanza kazi kikiwa kimeshaambiwa ukubwa wa mpango.

Wenzetu wa Kenya walikumbana na hili mapema. Walizindua majaribio ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa kwanza, kisha wakahamia T2, na dikoda za mwanzo zikabaki mapambo. Wewe nunua king'amuzi cha nje, ukichomeke kwa waya wa HDMI. Kioo cha TV yako kitaendelea na kazi. Ukinunua TV nyingine ya mtumba, tazama kibandiko cha nyuma: kama hakuna "T2", au muuzaji anakuambia "ni dijitali tu, mama", mwache nayo.

Ndugu fundi, niko Wete, Pemba. Nyakati za kaskazi, jioni bahari ikitulia, king'amuzi changu hupata chaneli za ng'ambo ambazo mchana hazipo. Lakini kuna moja yanishangaza: chaneli namba ileile, mchana yaandika 256QAM, usiku yaandika 64QAM, na mara picha yakatika kabisa. King'amuzi kimekuwa na wazimu? (Mvuvi, Wete)

Hakina wazimu, kina masikio. Hewa yenye joto ikilala juu ya hewa ya baridi yenye unyevu iliyogusana na maji, mawimbi yanayopita juu ya bahari hupinda na kufuata uso wake badala ya kupotelea angani. Mnara wa mbali ukiwa kwenye masafa yaleyale ya mnara wako unakufikia kwa nguvu. Masafa ya eneo letu, Ulaya na nchi za Kiarabu yalipangwa kwenye mkutano wa Geneva wa 2006 ili minara ya nchi jirani isigongane, lakini mpango wa kwenye karatasi hauizuii hewa ya kaskazi.

Kinachotokea ni hiki. King'amuzi kinasikia hodi mbili. Kinamsikiliza mwenye sauti kubwa, kinasoma habari zake, kinaandika 64QAM. Wa kwanza akipata nguvu tena, kinapotea, kinaanza upya, kinaandika 256QAM. Wakilingana nguvu, hakuna anayesomeka, ndipo picha inapokatika.

Utaniuliza: mbona minara ya kampuni moja inatumia masafa mamoja na haigombani? Kwa sababu hiyo inatuma kitu kilekile kwa wakati uleule, na ndiyo kazi ya nafasi ya tahadhari niliyoitaja juu. Mkia wa kila simboli hunakiliwa na kuwekwa mbele yake, ili mwangwi unaochelewa uangukie humo bila kudhuru. Kwenye 32K, nafasi ya 19/128 ya simboli ni mikrosekunde 532, muda ambao wimbi linakwenda kama kilomita 160. Nafasi ya 1/128 ni mikrosekunde 28 tu, kilomita 8 na ushee. Mnara wa ng'ambo wenye vipindi vingine haukusaidii kitu hata ungefika ndani ya nafasi hiyo, ni kelele tu kwako.

Dawa yake ni antena yenye miti mingi, ile ndefu, kwa sababu husikia mbele na kupuuza ubavuni. Ielekeze kwenye mnara wako na ishushe kidogo upande ambao nyumba yako yenyewe itaikinga na bahari. Na ondoa kile kiboksi cha kuongeza nguvu: kinaongeza cha kwako na cha jirani kwa usawa.

Fundi, mbona dishi linaniuliza namba nyingi, masafa, 27500, H au V, na antena haiulizi? (Dereva, Tunduma)

Kwa sababu kwenye satelaiti hakuna upana mmoja wa chaneli. Kila mrushaji anachagua kasi yake ya simboli, na ile 27500 ndiyo hiyo: simboli 27,500,000 kwa sekunde. King'amuzi chenye utafutaji wa kipofu kinaweza kuipata chenyewe kwa kupima upana wa kila kilima cha mawimbi na kukisia, ila kaa ukinywa chai. H au V ni mkao wa wimbi, nayo huchaguliwa kwa volti zinazopanda kwenye waya mpaka kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi: 13 kwa V, 18 kwa H. Hiyo haina namna ya kujitaja, maana usipopeleka volti sahihi humsikii kabisa.

Kiwango cha ulinzi lakini hukiandiki, umeona? Mfumo wa zamani, DVB-S, hautangazi. King'amuzi hujaribu vyote vitano kwa zamu, 1/2, 2/3, 3/4, 5/6, 7/8, na kubaki na kile ambacho makosa yanapungua. Ule mpya, DVB-S2, hutanguliza kichwa cha simboli 90 mbele ya kila fungu: 26 za kujipanga na 64 zinazotaja aina ya ufungaji na ulinzi. Kwa hiyo ukiandika masafa, kasi na mkao sawasawa na bado ubora ni sifuri, geuza dishi milimita kwa milimita na usubiri kidogo kila unapoligeuza, ubora hauruki papo hapo.