Kostiki imekula sufuria yangu!

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza sabuni za vipande za mawese hapa Ujiji, mwaka sasa, vipimo vyangu ni vya kikombe. Juzi ndoo yangu ya plastiki ilipasuka nikaona isiwe tabu, nikachukua sufuria ya alumini nikatia maji na kostiki soda, weee! ikaanza kuchemka bila moto, moshi unakaba koo, nikatoka mbio, kurudi naikuta ina matundu kama chujio. Nimeuziwa feki? Na hii kitu inatengenezwaje, maana kuna wanaosema ni magadi yaliyokaangwa tu.
Mama Sabuni, Ujiji

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Kostiki yako sio feki, tena ni kali haswa. Kostiki na alumini haziivi chungu kimoja, na safari hii chungu chenyewe ndo kimeliwa. Alumini ina kangozi kembamba juu kanakoilinda, kostiki inakayeyusha halafu inaendelea na alumini yenyewe, hapo inatoka gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto chap, kwa hiyo kama jiko la mkaa lingekuwa jirani leo tungekuwa tunaongea mengine. Ule moshi uliokukaba ni mvuke uliobeba vitone vya kostiki. Cha kuchekesha ni kwamba hata viwandani udongo wa boksiti unapikwa kwenye kostiki hiyo hiyo ili kupata alumini, ni njia ya mkemia wa Austria, Carl Josef Bayer, tangu miaka ya 1880, kwa hiyo sufuria yako ilishapita humo kabla haijawa sufuria.

Kuhusu magadi, hao watu hawajakosea kabisa. Zamani walikuwa wanachemsha magadi na chokaa ndo wanapata kostiki. Siku hizi ni chumvi. Wanachukua maji ya chumvi wanapitisha umeme, upande mmoja inatoka klorini (hii ndo inaenda kwenye jiki na kutibu maji ya bomba), upande wa pili haidrojeni na kostiki, kisha wanakausha mpaka yanakuwa yale magamba meupe unayopimiwa sokoni. Kila tani 1 ya klorini inakuja na kostiki kama tani 1.1, hauwezi kupata moja ukaacha nyingine. Viwanda vya zamani vilitumia zebaki humo, ni sumu mbaya, dunia ikakubaliana iachwe ifikapo 2025. Mbali na sabuni, inatumika sana kwenye karatasi, nguo, na kuzibua mabomba.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kostiki ndo inaingia kwenye maji, sio maji kwenye kostiki! Ukimwagia maji juu yake inapata joto ghafla na kukurukia usoni, na jicho likipata kostiki linaweza kupofuka. Tumia ndoo nzito ya plastiki au chombo cha stenlesi, vaa glavu za mpira na miwani, fanyia nje. Ikikurukia, maji yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, vua na nguo iliyolowa, achana na habari za kupaka ndimu au siki. Jicho likiguswa, ukishaosha nenda hospitali hata kama unaona vizuri. Na tafadhali usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto hajui. Akimeza usimtapishe, itaunguza koo mara ya pili ikirudi, msukutue mdomo umkimbize hospitali.

Halafu nimeona kwenye barua yako unapima kwa kikombe, dada nunua mzani. Kilo 1 ya mawese inamaliza kostiki kama gramu 140, mimi naishia 130 ili mafuta yabaki kidogo, ukizidisha sabuni inababua mikono ya wateja. Mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) inataka zaidi, usitumie kipimo hicho hicho. Ukishakata vipande viache vikae wiki 4 kabla ya kuuza.