Yanahesabiwa matokeo kumi tu, mkuu, acha kumzungusha mtoto!

Mkuu, simama hapo hapo, usikate hata tiketi moja. Unataka mwanao acheze mashindano 24 ya badminton kwa mwaka ili apande viwango vya dunia? Kijana wa miaka 19, anacheza mmoja dhidi ya mmoja, na pesa inatoka mfukoni mwako? Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo.

Mimi nimecheza huo mpira wa vinyoya, yaani badminton, Norway miaka tisa. Mama wa Kigoma, baba wa Stavanger, nchi nzima inashangilia wanaoteleza kwenye theluji, mimi nimekumbatia raketi. Nafasi yangu ya juu kabisa duniani siitaji hapa, wanangu siku hizi wanajua kutafuta vitu kwenye simu.

Mwaka wa kuwania Olimpiki kuna kocha aliniambia, "Pointi ni pointi, ukikaa nyumbani wenzako wanakupita." Yeye kukaa nyumbani alikaa, na bili zilikuja kwangu. Nikaanza: Iceland, Slovenia, Sandefjord kwetu Norway, hadi Kampala, eti wapinzani wa huko ni wepesi. Wepesi wapi! Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kinyoya kinakimbia kuliko ulivyozoea. Mipira yangu ya kurudisha nyuma ikawa inatua nje ya mstari kwa vidole viwili, mmoja baada ya mwingine, na jukwaani mama mmoja ananipa pole kwa Kiswahili, akidhani sielewi. Raundi ya kwanza, kwaheri.

Sasa sikiliza, maana huyo kocha hakunieleza hili, na sijui kama alilijua. BWF, shirikisho la badminton la dunia, wakipanga viwango wanachukua pointi za matokeo yako 10 bora ndani ya wiki 52. Kumi! Kwenye International Challenge, moja ya ngazi za chini za mashindano ya kimataifa, bingwa anapata pointi 4,000, ukiishia 16 bora unapata 1,520, ukiishia 32 bora ni 920. Mimi nilishajaza kumi zangu, na dhaifu kuliko zote ilikuwa 1,520. Kwa hiyo kila nilipotolewa 32 bora nilikuwa nalipa ndege, hoteli na ada ya kujisajili ili nipate 920 isiyoingia popote. Nilifanya hivyo mara saba. Saba, mkuu! Hesabu ya darasa la nne, na mimi nina diploma.

Ukiwa safarini hufanyi mazoezi, unapasha misuli tu. Miguu haijengeki kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Mashindano ya 19 mwaka huo, seti ya pili, nikarudi nyuma kuruka kupiga smashi, nikasikia mtu kanipiga teke kisiginoni. Nikageuka nimtukane. Hakuna mtu. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika.

Halafu kaa kwenye kochi mguu ukiwa kwenye plasta, kila wiki unafungua orodha ya viwango na kukuta matokeo ya mwaka jana yametimiza wiki 52 na kufutika, jina linateremka kama ndoo kisimani. Kocha wangu? Alinitumia ujumbe wenye alama ya mkono unaosali.

Kwa hiyo mwanao acheze mashindano 12 kwa mwaka, basi, 13 akikushinda kwa machozi. Kumi za kuhesabiwa, mbili tatu za kuharibikiwa. Kila safari muulize kwanza: matokeo yako ya kumi kwa sasa ni pointi ngapi, na huko unahitaji kufika raundi gani ili uyapite? Akishindwa kujibu, abaki ukumbini afanye mazoezi ya miguu.

Kuhusu mengine uliyouliza... ngoja kwanza, nimeirudia ratiba yako. Machi umemwekea mashindano manne mfululizo! Mtoe kwenye mawili leo, usingoje kesho, maana muda wa kujitoa ukipita unatozwa faini, na hiyo nayo nimeshailipa.