Maswali Yenu: Karani wa sensa na watoto waliofariki

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye sensa ya 2022 karani alimwuliza mama yangu amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki. Jioni ile mama hakula. Kama serikali inahesabu watu waliopo, waliokufa inawataka wa nini?
Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mpe mama pole zangu. Nimewahi kuwa karani, na hilo ndilo swali lililonikausha mdomo kuliko yote. Kuuliza choo na paa ni rahisi.

Lakini lisingeweza kuachwa. Vifo vingi vya watoto wachanga, hasa vijijini, haviandikishwi popote. Mtoto anazaliwa nyumbani, anafia nyumbani, anazikwa kabla ya jua kuzama. Hana cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Anayejua kwamba alikuwepo ni mama yake, basi inabidi aulizwe yeye. Wanatakwimu huwapanga akina mama kwa umri, wenye miaka 20 hadi 24, 25 hadi 29, na kuendelea, kisha hutazama kila kundi limepoteza watoto wangapi kati ya waliozaliwa hai. Watoto wa mama kijana wamezaliwa juzijuzi, kwa hiyo majibu yake yanaeleza hali ya karibuni. Ya mama mtu mzima yanaeleza miaka ya nyuma. Aliyeibuni hesabu hiyo ni Mskoti William Brass, na Afrika imeitumia sana. Ukiulizwa kama baba na mama waliokuzaa wako hai, ujue ni mbinu ileile, safari hii kwa vifo vya watu wazima.

Karani alipaswa kuuliza kwa upole na faraghani. Kama aliuliza mbele ya majirani, alikosea sana.

SWALI: Usiku wa sensa ya 2022 nililala kwa shemeji Morogoro. Mbona sikuhesabiwa kwangu Tanga?

JIBU: Kwa sababu ulilala Morogoro! Kilichohesabiwa ni waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 23. Ile idadi ya watu 61,741,120 iliyotangazwa ina mgeni wa Kenya aliyelala Arusha, haina Mtanzania aliyelala Nairobi. Bila usiku mmoja wa kushikilia, msafiri angehesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa.

SWALI: Kwa nini hatuulizwi dini na kabila?

JIBU: Dini iliulizwa mwaka 1967. Tangu sensa ya 1978 imeachwa, na mwaka 2012 wapo waliogoma kuhesabiwa kwa sababu hiyo. Mimi naunga mkono kuachwa. Shule inajengwa kwa kufuata idadi ya watoto wa miaka sita walioko katani. Wanasali wapi hakubadilishi idadi ya madawati. Najua wengi hamkubaliani nami, leteni barua.