Barua kwa mwanangu: picha ya ubongo uliyoniuliza

Wete, Pemba

Mwanangu Salma,

Assalamu alaykum. Umeniuliza kama ukipigwa picha ya ubongo huko Unguja itaonesha kwamba sonona uliyoambiwa na daktari ni maradhi kweli, wala si uvivu kama wasemavyo jamaa zetu.

Ni maradhi kweli, mwanangu, ingawa picha hiyo haitakupa ushahidi unaoutaka. Sehemu za ubongo hufanya kazi kwa mitandao, na mashine ya MRI, ipigayo picha hiyo kwa nguvu ya sumaku, huitambua kwa kuangalia ni zipi ambazo damu yake hupanda na kushuka kwa pamoja. Upo mtandao ambao Marcus Raichle na wenzake wa Marekani waliueleza mwaka 2001, unaochangamka mtu anapotulia bila kazi na kujiwazia nafsi yake, na watafiti wengi wameuhusisha na kule kulirudia wazo moja lisilokwisha. Marehemu shangazi yako nilimwona hivyo msimu mmoja: kishada cha karafuu mkononi tangu adhuhuri hadi alasiri, kidole gumba kimeegemea tumba la kwanza, asichambue hata moja. Tulimwita mvivu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 2024 Charles Lynch, Conor Liston na wenzao wa New York walionesha kwamba mtandao mwingine, ule unaochagua lipi la kuzingatiwa, hutanda karibu mara mbili ya kawaida kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la wengi wenye sonona, wala haupungui mtu anapopata nafuu; waliuona pia kwa watoto waliokuja kuugua baadaye. Hapo, kwa maoni yangu, neno uvivu halina pa kusimama.

Lakini tofauti hizi hujitokeza zaidi makundi ya watu yanapolinganishwa, na matokeo yenyewe hupingana. Tafiti za awali zilisema mtandao wa kujiwazia umeunganika kupita kiasi. Watafiti wa China walipokusanya data za wagonjwa 1,300, mwaka 2019, waliukuta umelegea kwa wale waliorudiwa na maradhi. Ndiyo maana daktari wako hakukupeleka kwenye mashine, bali alikuuliza juu ya usingizi, chakula na furaha iliyokutoka kwa zaidi ya wiki mbili. Hivyo ndivyo sonona inavyotambuliwa.

Dawa endelea nazo kama ulivyoelekezwa. Alhamisi nitapanda boti Mkoani nije twende kliniki pamoja, na hao jamaa niachie mimi, kwa kuwa neno hilo mimi ndiye niliyelitamka mwanzo kwa dada yangu.

Baba yako