Atenolol usiikate ghafla mkuu, yalinikuta

Mkuu, umesema una wiki mbili kwenye atenolol, hii dawa ya presha na moyo, ya miligramu 50, mikono imekuwa ya baridi, ngazi zinakuchosha, na unataka kuiacha. Nakusihi usiiache hivyo. Rudi kwanza kwa daktari aliyekuandikia.

Mimi natimiza mwaka wa sita. Mwezi wa kwanza nilikuwa mzito kama mtu aliyekesha msibani, na vidole vya baridi katikati ya joto la Dar. Uchovu ulipungua wenyewe baada ya wiki kadhaa.

Kosa nililifanya mwaka wa pili. Nilienda kijijini, vidonge vikaisha, nikajiambia presha imeshakaa sawa. Usiku wa tatu moyo ulidunda hadi nikausikia kwenye mto. Asubuhi, nikielekea bafuni, kifua kikabana. Nikakaa pale pale mlangoni, jasho linanitiririka, mke wangu anahangaika kutafuta gari.

Daktari alinifafanulia hivi: dawa inaziba milango ambayo adrenalini huitumia kuuchochea moyo. Ukiitumia muda mrefu, mwili unajiongezea milango. Ukiikata ghafla, adrenalini inaikuta yote wazi. Mwenye moyo mbovu anaweza kupata hata shambulio la moyo. Kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, wiki moja hadi mbili au zaidi, daktari akifuatilia.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijameza, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, natazama saa na kuhesabu mapigo dakika nzima. Kawaida yangu ni 58 hadi 64. Siku moja nilipata 46 na kichwa kinazunguka. Nikaenda hospitali, dozi ikashushwa hadi miligramu 25. Wewe ukiona chini ya 50, au ukihisi kuzimia, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Na usiinuke kitandani kwa pupa.

Ukienda kuchukua dawa nyingine yoyote, taja kwamba unatumia hii. Ikichanganywa na verapamil, dawa nyingine ya presha na moyo, mapigo ya moyo yanaweza kwenda polepole kupita kiasi.

Jambo moja hujalisema, na linanitia wasiwasi: una pumu au kisukari? Pumu inaweza kubana zaidi. Kwa kisukari, dawa hii inaweza kuficha kutetemeka na moyo kwenda mbio sukari inaposhuka. Jasho hubaki. Shemeji yangu, mwenye kisukari na anayetumia dawa hii, tulimkuta amelowa shati zima, mikono imetulia kabisa, sukari iko chini. Tujibu hilo, mkuu.