Mleta uzi, huo mfano wa koti utupe kabla hujaingia darasani

Mkuu unauliza mistari ya Biblia ya kuwafundisha vijana jinsi Mungu alivyofanyika mtu katika Yesu, unauliza habari za tarehe 25 Desemba, halafu katikati umechomekea kwamba vijana utawaelezea hivi: "Mungu alivaa mwili kama mtu anavyovaa koti, akamaliza kazi akalivua." Hapo nikaacha kusoma. Tafadhali usithubutu.

Huo mfano nilipewa kwenye semina ya walimu na jamaa mmoja mwenye maiki na kujiamini kwingi, akasema "rahisi, hata mtoto anaelewa". Na kweli wanaelewa, shida ni kile wanachokielewa! Nikaubeba vile vile hadi kwenye darasa langu la vijana, mambo yakaenda vizuri mpaka kijana mmoja akauliza, mwalimu, koti likichomwa msumari aliyelivaa anaumia? Nikaanza kuzunguka zunguka mara ooh ni fumbo, mara imani. Hajamaliza huyo, binti mmoja aliyekuwa ametoka kumzika mama yake akasema taratibu tu, kwa hiyo hata pale kaburini kwa Lazaro alikuwa halii kweli, lilikuwa linalia koti. Sikuwa na jibu. Hakurudi tena darasani na mimi simlaumu, maana nilimpokonya kitu pekee kwenye Yohana 11 ambacho kingemfaa wiki ile.

Baadaye ndio naenda kusoma nakuta nilichokuwa nafundisha kina mwenyewe, tena wa zamani. Kuna askofu aliitwa Apolinari wa Laodikia, karne ya 4, hakuwa mtu wa hovyo, alipambana na wafuasi wa Ario waliosema Mwana ni kiumbe. Katika kuutetea uungu wa Kristo akapitiliza, akasema Yesu alikuwa na mwili wa mtu lakini mahali pa akili ya kibinadamu palikaliwa na Neno lenyewe, yaani Mwana wa Mungu. Yaani ganda la mtu, dereva Mungu. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukayakataa mafundisho hayo. Yeye angalau alikuwa na uaskofu wa kupoteza, mimi nilifufua uzushi wake bure kabisa bila hata posho ya nauli, na yule jamaa wa semina sijasikia mtaguso wowote umemwita.

Aliyenifungua macho ni Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne hiyo hiyo, hoja yake kwa ufupi ni kwamba kile ambacho Kristo hakukitwaa hakikuponywa. Sasa fikiria, sisi tunaanza kuharibikia wapi kama sio kwenye akili na utashi, kinyongo kinakaa kwenye ngozi? Kama alichukua nyama na mifupa tu akaacha hivyo vingine, basi pale tunapoumwa zaidi ndipo alipoparuka. Ndio maana kwenye mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 wakaongea kama wanasheria, Mungu kweli na mtu kweli, mwenye nafsi yenye akili na mwili, asili mbili katika Kristo mmoja, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Wakopti na Waethiopia wa Orthodoksi hawaikubali Kalkedonia lakini hata wao Apolinari hawamtaki, kwa hiyo usiniletee habari za "hayo ni mambo ya dhehebu lenu".

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja tu siku hizi. Mfano wowote utakaoletewa, koti, dereva, mfalme aliyejifanya maskini, wowote ule, uulize kwanza, humu ndani akili na utashi wa kibinadamu wa Yesu viko wapi? Ukikosa mahali pa kuviweka, tupa. Huyo mfalme ndio wengi wanampenda, lakini aliyejifanya maskini si maskini, anajua usiku atarudi ikulu.

Badala ya mfano fungua Gethsemane, Mathayo 26. "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Koti halina huzuni. Anaenda mbele kidogo anaanguka kifudifudi, anaomba kikombe kimwepuke, halafu "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Pale kuna utashi wa mtu unaogopa kabisa na bado unatii, na Kanisa lilikuja kulisema hilo wazi kwenye mtaguso wa 680 hadi 681, kwamba ana utashi wa Kimungu na wa kibinadamu, na huu wa kibinadamu haupingani na ule. Kuna watu waliteswa kwa kulishikilia hilo kabla ya huo mtaguso, mtawa Maksimo Muungamishi alikatwa ulimi na mkono wa kuume, halafu sisi tunalifuta kwa mfano wa dakika mbili ili vijana wasisinzie.

Mistari uliyoomba nadhani nimeshaitaja mingine njiani, ongeza Luka 2:52, kwamba alizidi kuendelea katika hekima na kimo, waulize vijana wenyewe anayeendelea katika hekima anakuwaje koti. Ya Desemba watakujibu wengine, humu wapo wanaoishi kwa ubishi huo. Na wewe unayetaka kuniquote kwamba "ni mfano tu mkuu, usikaze", nenda kamjibu yule kijana wa msumari kwanza.